Njia ya Baiskeli ni Yetu, Tusiiachie

Wakazi wenzangu wa Dar es Salaam, tuna njia ya baiskeli. Wengi wetu tunaipita kila siku bila hata kujua kama ipo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016, Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea mjini haikupata vituo na njia za mabasi tu. Pembeni, jirani na njia ya waenda kwa miguu, ilijengwa na ya baiskeli. Mradi ule ulijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na deni la nchi tunalilipa sote, mwenye gari na asiye nalo.

Sasa mwangalie muuza madafu anayekwenda mjini asubuhi. Mzigo kwenye keria umemfika mgongoni, baiskeli haigeuki kirahisi. Anakuta bodaboda zimepangwa kukatisha njia nzima, zinasubiri abiria. Anapiga kengele, mmoja anasogea, wengine wanaendelea na mazungumzo. Hatua chache mbele kuna gari limepandishwa juu ya ukingo, mwenyewe yumo dukani. Mbele zaidi mfuniko wa mtaro haupo. Basi anashuka barabarani, katikati ya daladala na malori, na hapo ndipo tunapomfokea kwamba waendesha baiskeli hawana adabu.

Hayuko peke yake. Yupo muuza samaki anayetoka Feri, yupo muuza mikate, yupo mlinzi anayetoka lindo alfajiri. Kwao baiskeli ni nauli iliyobaki mfukoni, na nauli hiyo inanunua unga katika maduka ya mitaa yetu. Hata wewe usiyepanda baiskeli unafaidika: kila anayeendesha amekuachia nafasi kwenye basi, na mahali linapoegeshwa gari moja panatosha baiskeli kama kumi.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Ndugu zangu wa bodaboda, nanyi mmo katika hesabu hiyo.

Wapo wanaosema njia hii haina watu, heri yapewe magari. Haina watu kwa sababu tumeiziba. Uholanzi, ambayo leo inasifiwa kwa baiskeli, mwaka 1971 ilipoteza watu wapatao 3,300 barabarani, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai watoto wao waachwe hai, na madai yao yalichangia sana serikali kugeuza mwelekeo. Hawakusubiri huruma ya mtu.

Nasi tusisubiri. Wenye vijiwe vya bodaboda, kaeni wenyewe mkubaliane mahali pa kusimama pasipoziba njia. Abiria atawafuata hapohapo. Mwenye gari, usipande ukingo hata kama unashusha mzigo mdogo. Mwenye meza ya biashara, irudishe nyuma kidogo, mteja wa baiskeli naye ana hela. Wanaoendesha, itumieni njia, tena mkiwa wengi, maana njia yenye watu ni vigumu kuivamia. Umoja wa waendesha baiskeli wa jiji hili, UWABA, umelisemea jambo hili kwa miaka. Tusiuache upige kelele peke yake.

Palipokosekana mfuniko, alama au nguzo za kuzuia magari, tuandike barua TANROADS, wenye dhamana ya barabara kuu, nakala kwa diwani. Barua ya mtu mmoja huwekwa kando. Ya mtaa mzima, yenye sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa, inahitaji majibu. Mkutano ujao wa mtaa wako, nenda. Nyoosha mkono, itaje njia ya baiskeli, na usikae mpaka katibu aiandike kwenye muhtasari.