Matandazo Hayatengenezi Joto

Mwandishi aliyewahimiza wakulima wote wa bustani watandaze nyasi nene msimu wa baridi ili mimea ipate joto amewapotosha. Matandazo hayatengenezi joto. Huzuia tu lisipite. Kule Minnesota, Marekani, watu husubiri udongo ugande kwanza ndipo watandaze, kusudi ubaki umeganda, kwa kuwa kuganda na kuyeyuka mara kwa mara huing'oa mimea. Uingereza, kwenye baridi ya mvua, rundo lililolowa likigusa shina huliozesha.

Sasa njoo Njombe na Makete. Juni hadi Agosti ni baridi, lakini pia ni kiangazi, kwa hiyo matandazo hutunza unyevu. Hapo nakubaliana naye. Ila usiku wa jalidi, udongo wazi wenye unyevu huipa mimea joto uliloliweka mchana. Ukiufunika, joto hubaki chini na majani ya viazi huungua juu. Hili hakuligusa kabisa, na ndilo linalomtia mkulima hasara. Ndugu mkulima wa bondeni, kunakotuama hewa baridi: jalidi ikinukia, mwagilia mchana, sogeza nyasi pembeni, na usiku funika miche yenyewe.