Kiswahili Kisiishie Mlangoni mwa Afisi

Mzazi anafika katika afisi ya umma kuulizia ombi la basari ya mwanawe. Nyuma ya dirisha ameketi karani kijana, nadhifu, mwenye adabu, aliyehitimu majuzi kutoka chuo cha kiufundi. Anamwamkia mzazi kwa Kiswahili na kumsikiliza kwa makini. Anapofika mahali pa kueleza ni kwa nini ombi halikufaulu, ulimi unagota. “Fomu yako imerijektiwa, mama. Haina sapotingi dokumenti.” Kisha anamkabidhi barua iliyoandikwa kwa Kiingereza tangu anwani hadi sahihi. Mzazi anaikunja, anaitia mkobani, anatoka kumtafuta wa kumsomea. Siku ya mwisho ya kukata rufaa imetajwa katika aya ya mwisho ya barua hiyo.

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini ni nadra kumpata Mkenya asiyekitambua. Swali linalozuka ni hili: je, kosa ni la nani? Hapana shaka si la karani. Karani ametenda alivyofunzwa. Amefunzwa kupokea wageni, kupanga majalada, kuandika kumbukumbu za mikutano, kutumia tarakilishi na kutunza siri za afisi. Yote hayo amefunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Lugha atakayoitumia kutwa nzima dirishani haikuwahi kuhesabiwa kuwa sehemu ya ujuzi wake.

Kinaya kilichoje! Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 47 nacho kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa, au yaelekea kuathiriwa, na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu zilizoandikwa kwa lugha asiyoielewa mhusika zina tofauti gani na sababu zilizofichwa? Haki hizi hazitekelezwi na majaji pekee. Kila siku hutekelezwa, au hukiukwa, na makarani, wahazili na wapokezi ambao ndio wanaoziandika barua na kuzieleza.

Fauka ya hayo, msingi wa kujengea tayari upo. Katika mfumo wa 8-4-4, ambao sasa unaelekea ukingoni, mwanafunzi wa shule ya upili hufunzwa kuandika barua rasmi, kumbukumbu, ripoti, memo na wasifukazi kwa Kiswahili. Katika karatasi ya insha ya KCSE, swali la kwanza ni la lazima, na aghalabu hudai utungo wa kiuamilifu wa aina hiyo. Mtahiniwa hujua kupanga mahudhurio, ajenda, yatokanayo na kufunga mkutano. Akiingia chuoni kusomea kazi ambayo kumbukumbu ndizo uti wake wa mgongo, Kiswahili hicho huachwa langoni mithili ya mwavuli wa mgeni. Taifa humfunza kijana stadi kwa miaka minne, kisha likamnyima fursa ya kuitumia pale inapohitajika zaidi.

Yapo pia maslahi ya mwanafunzi mwenyewe. Vyuo vya kiufundi huwapokea hata wale waliopata alama za chini katika KCSE, na miongoni mwao wamo wengi ambao Kiingereza ndicho kilichowaangusha. Mkufunzi mwenye busara huligundua hilo mapema. Anapoona darasa limekodoa macho, hueleza kwa Kiswahili tofauti ya jalada la siri na jalada la kawaida, na nyuso zikachangamka. Huo ni msaada wa ujifunzaji usio na jina wala bajeti. Hutolewa kwa mdomo, kama siri, kwani hauna kitabu cha kuuandama na mtihani hautauliza kwa lugha hiyo.

Mgala muue na haki umpe. Wanaokitetea Kiingereza katika mafunzo haya wana hoja. Programu nyingi za tarakilishi zimo katika lugha hiyo, waajiri wa sekta ya kibinafsi huidai, na mhazili asiyeimudu atakosa kazi. Hoja hizo ni za kweli, lakini zinathibitisha tu kwamba Kiingereza kinahitajika. Hazithibitishi kwamba kinatosha. Anayependekeza somo moja la Kiswahili cha afisi, lenye kutahiniwa na kuandikwa katika cheti, hajapendekeza Kiingereza kifukuzwe.

Wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hiyo nao watupe jicho ng’ambo ya Namanga. Tanzania ina masijala, dokezo, jalada na katibu mahsusi, maneno ambayo karani huyatumia bila kufikiri mara mbili. Kwa miaka mingi, matangazo ya nafasi za katibu mahsusi katika utumishi wa umma wa nchi hiyo yamemtaka mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza, kwa kasi ya maneno 80 au 100 kwa dakika. Tabora imekuwa na chuo cha uhazili ambacho baadaye kilijumuishwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma. Historia ya nchi hizi mbili si moja, na hakuna haja ya Kenya kuiga kila kitu. Hata hivyo, kasi ya maneno 100 kwa dakika haipatikani katika lugha isiyo na istilahi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Lawama hizi haziwezi kuishia kwa wizara na watunga mitaala. Idara za Kiswahili vyuoni zina sehemu yake. Mwanafunzi wa isimujamii huorodhesha sifa za sajili ya mahakamani, ya hospitalini na ya bungeni, akapata alama zake, akasahau. Wangapi wamewahi kuketi siku nzima katika afisi ya chifu au ya kaunti wakanakili jinsi ombi linavyokataliwa kwa Kiswahili? Tasnifu juu ya jazanda na taharuki zinarundikana maktabani, na ni vyema ziwepo. Lakini karani anayetafuta Kiswahili fasaha cha kumwambia raia kwamba stakabadhi zake hazijakamilika hatakipata humo.

Kazi ya kuanzia si kubwa. Chama cha Kiswahili chenye wanachama thelathini kinaweza kukusanya fomu na barua zinazotolewa katika afisi za mji kilipo, kuzifasiri, kuzijaribu kwa wananchi wa kawaida, na kuandaa kijitabu cha mfano: barua ya kukubali, ya kukataa, ya kuomba stakabadhi zaidi, notisi ya mkutano na kumbukumbu zake. Wahadhiri wakihariri, chuo cha kiufundi kilicho jirani kitakuwa na kitu cha kufundishia. Ni kwa nyenzo kama hizo ndipo ombi la kuingiza somo hili katika mtaala litakuwa na uzito. Mkono mtupu haulambwi.

Na kijitabu hicho kikianza na ukurasa mmoja tu, basi na uwe ule wa barua ya kukataa. Uanze hivi: “Ombi lako halikufaulu kwa sababu hukuambatisha stakabadhi zifuatazo.” Zifuate stakabadhi zenyewe, moja baada ya nyingine. Siku ya mwisho ya kukata rufaa nayo iandikwe juu kabisa, mahali ambapo mzazi ataiona kabla ya kuikunja barua.