Wingi wa Wanunuzi si Hukumu

Katika Uingereza palikuwa na kipindi cha televisheni kilichoitwa Top of the Pops. Kilianza kuonyeshwa na BBC tarehe 1 Januari 1964, kutoka katika jengo la mji wa Manchester ambalo zamani lilikuwa kanisa. Kikakoma kuonyeshwa kila juma tarehe 30 Julai 2006. Kwa miaka 42 kazi yake ilikuwa moja: kutangaza santuri zilizonunuliwa zaidi katika nchi, kuwaleta waimbaji mbele ya watazamaji, na kumalizia kwa wimbo ulioshika nafasi ya kwanza. Waingereza wengi waliokuwa vijana siku hizo hukitaja kwa majonzi. Husema kuwa hapo ndipo muziki ulipopata hakimu wa haki, asiyependelea wala kuhongeka, naye ni hesabu. Mimi nasema sivyo. Kilikuwa burudani nzuri na kilikuwa tangazo la maduka, hakimu hakikuwa. Na kwa kuwa hesabu ya namna ile sasa imehamia katika simu za mkononi, shauri hili lawahusu ninyi, wanafunzi, kama lilivyowahusu wao.

Kwanza na tukipe kipindi hicho sifa zake, maana mbishi mwema humpa mwenzake kilicho chake. Katika miaka ya 1970 watazamaji wake walifika milioni 15 kwa juma. Babu, mama na mtoto waliketi sebule moja siku ya Alhamisi wakatazama jambo moja. Huyu alisifu, yule alizomea, na kesho yake kila mtu alikuwa na la kuzungumza. Kijana wa kijiji cha mbali, asiye na nauli ya kwenda London, aliwaona waimbaji kana kwamba wamesimama mlangoni pake. Tarehe 6 Julai 1972 alionekana David Bowie akiimba wimbo wake “Starman”, na wanamuziki kadhaa waliotokea baadaye wameeleza kuwa jioni ile ndiyo iliyowafungua macho. Walakini angalieni neno moja. Wimbo ule haukupata kushika nafasi ya kwanza. Mwisho wa kupanda kwake ulikuwa nafasi ya 10. Jambo lililowageuza vijana wale halikuwa nambari. Lilikuwa wimbo wenyewe, na mtu aliyeuimba.

Sasa tuwasikilize wanaoitetea hesabu. Hawakosi methali. Wa kwanza hutuambia, “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Wa pili hutuonya, “Wengi wape. Usipowapa watachukua kwa mikono yao.” Methali hizi ni za kweli, lakini methali ni kama kisu: hukata vizuri mikononi mwa ajuaye pa kukatia. Hebu tutazame kama zakata hapa.

Watu hudhani kwamba hesabu hushuka kutoka mbinguni. Hesabu hufanywa na watu. Hapo mwanzo BBC haikuhesabu santuri hata moja. Ilichukua orodha za magazeti ya muziki, kila gazeti na orodha yake, ikazichanganya na kupata wastani. Mwezi wa Agosti 1968 mchanganyo huo ulitoa nyimbo tatu zilizolingana katika nafasi ya kwanza. Aibu ile ilisaidia kuleta utaratibu mpya mwaka 1969, ambapo maduka 250 yalipeleka kwa posta habari za mauzo yao, na maduka hayo yakawa ndiyo macho ya nchi nzima. Mara wakatokea wajanja waliojua kwamba mtu hana haja ya kuishawishi nchi nzima ikiwa anaweza kutuma watu wanunue santuri katika maduka machache yanayohesabiwa. Basi kile kilichojiuza pengine kilikuwa kimetembezwa usiku, na asubuhi kikapangwa dirishani kana kwamba kimefika kwa miguu yake.

Tena kipindi chenyewe kilikuwa na kanuni ya ajabu. Wimbo uliopanda orodhani uliweza kuonyeshwa. Wimbo ulioshuka uliwekwa kando. Maana yake, wimbo ulioteremka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 5 ulinyamazishwa, na ule uliopanda kutoka nafasi ya 30 hadi ya 25 ulipewa jukwaa, ingawa ule wa kwanza ulikuwa bado umeuzwa zaidi. Haya ndiyo mapenzi ya wengi yanayosemwa? Hayo ni mapenzi ya mfanyabiashara, ambaye hutazama kinachokuja na kukipa kisogo kinachoondoka.

Wala orodha haikuweza kupima uzito wa vitu ilivyovipanga. Mwaka 1967 Beatles walitoa santuri moja yenye nyimbo mbili, “Penny Lane” na “Strawberry Fields Forever”. Nyimbo hizo hutajwa mpaka leo na wajuzi wa muziki miongoni mwa kazi zao bora. Orodhani zilizuiliwa katika nafasi ya 2 na Engelbert Humperdinck na wimbo wake “Release Me”. Mwaka 1981 bendi ya Ultravox ilizuiliwa vivyo hivyo na wimbo wake “Vienna”. Na waliouzuia hawakuwa mabingwa wa utungaji, bali Joe Dolce na wimbo wake wa mzaha, “Shaddap You Face”. Sisemi kuwa mzaha ni haramu. Nasema kuwa orodha haikujua tofauti ya mzaha na kazi, kama mizani ya sokoni isivyojua tofauti ya kilo ya chumvi na kilo ya asali.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Roger Whittaker, mwimbaji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1936. Wimbo wake “The Last Farewell” ulitoka katika santuri ya mwaka 1971. Haukupiga kelele popote. Ulilala miaka minne. Kisha ukaanza kupigwa na kituo kimoja cha redio cha mji wa Atlanta, Marekani, watu wakauulizia, na mwaka 1975 ukafika nafasi ya 2 katika Uingereza. Nawauliza wasomaji wangu: katika miaka ile minne wimbo ulibadilika nini? Sauti ilikuwa ile ile, maneno yale yale, ala zile zile. Kama nambari ni hukumu, basi wimbo huo ulikuwa duni mwaka 1971 na bora mwaka 1975, bila kuguswa. Hakuna mwenye akili atakayekubali hayo. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani aliusikiliza kwa masikio yake mwenyewe kabla haujawa na nambari, akauona wafaa, akawapa wengine. Kila wimbo mwema wamhitaji mtu wa namna hiyo kwanza. Wanaofuata nambari huja nyuma yake.

Labda mtu ataniuliza: “Je, wewe wataka wachache watuchagulie? Si afadhali wengi kuliko kikundi cha wakubwa?” Swali hili ni zuri, nami nalijibu hivi. Katika uchaguzi wa haki kila mtu ana kura moja. Dukani mwenye fedha ya santuri kumi ana kura kumi, na asiye na fedha hana hata moja. Kununua, kwa hiyo, si kupiga kura. Isitoshe, wenye kipindi wenyewe hawakuitii hesabu ilipowachukiza. Mapema mwaka 1984 wimbo “Relax” wa bendi ya Frankie Goes to Hollywood ulishika nafasi ya kwanza kwa majuma matano, na BBC ikakataa kuupiga kwa sababu ya maneno yake. Sijali hapa kama walifanya vema au vibaya. Natazama neno moja tu: walipotaka kuamua, waliweka hesabu pembeni wakatumia sababu. Nami siombi zaidi ya hayo. Sitaki wakubwa watuchagulie. Nataka kila mmoja achague kwa sababu anayoweza kuieleza. Wazee wetu wa pwani walipolipima shairi hawakuuliza limeimbwa na watu wangapi. Waliuliza kama vina vyapatana, kama mizani imetimia, kama lugha ni safi, kama lina maana ndani yake. Hata mtoto angeweza kuingia katika mabishano yale, mradi awe na hoja.

Lipo jambo zito zaidi, nalo yafaa mlijue. Mtu anayezoea kuipima nyimbo kwa wingi wa wapenzi wake, mwisho huwapima na watu vivyo hivyo. Mtangazaji wa kwanza wa kipindi hiki alikuwa Jimmy Savile. Alipendwa na mamilioni, akatunukiwa heshima na Malkia, na alipofariki mwaka 2011 alisifiwa sana. Mwaka uliofuata ukweli ulitoka. Taarifa ya Jaji Janet Smith, iliyotolewa mwaka 2016, ilieleza kwamba aliwadhulumu kijinsia watu 72 kwa njia ya kazi yake katika BBC, watoto wakiwamo. Na baadhi yao walidhulumiwa kwa sababu walikuja kucheza katika kipindi hicho hicho. Wako waliojaribu kusema wasisikilizwe. Sauti ya mtoto mmoja iliwekwa katika mizani pamoja na makofi ya nchi nzima, na makofi yakaonekana mazito. Kama kuna mwanafunzi asomaye haya akadhani kuwa wingi si hukumu ni neno la muziki tu, na afikiri tena. Wingi wa mashabiki si ushahidi wa wema wa mtu. Na mtoto anayesema kwamba ametendewa uovu astahili kusikilizwa, hata kama mshitakiwa wake apendwa na dunia yote.

Nimeweka mwisho hoja ambayo kwangu yatosha peke yake. Waliotangaza kila juma kwamba wimbo huu ndio mkubwa kuliko zote walizifanya nini picha za nyimbo hizo? Walizifuta. Kanda za televisheni zilikuwa ghali, basi zilitumiwa tena kurekodia mambo mengine. Na vipindi vingine vilitangazwa bila kuwekewa kumbukumbu yoyote. Katika vipindi vya miaka ya 1960, vilivyobaki vizima ni vichache mno. Tarehe 16 Juni 1966 Beatles walifika wenyewe studioni, na hiyo ndiyo mara pekee waliyotumbuiza humo ana kwa ana. BBC haikuhifadhi. Kilichopatikana mwaka 2019 ni kipande cha sekunde 11 kisicho na sauti, kilichopigwa na mtazamaji nyumbani kwake kwa kamera yake ndogo iliyoelekea televisheni. Tafakarini basi. Chombo kilichokuwa na hesabu, fedha na mitambo kilitupa. Mtu mmoja asiye na cheo alitunza. Hesabu ya juma hili haina haja na juma lililopita, kwa hiyo haiwezi kutunza kitu. Atunzaye ni yule apendaye.

Hilo halikuanza Uingereza. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Hapakuwa na santuri wala orodha ya kumweka katika nafasi ya kwanza. Mashairi yake yaliishi katika vifua vya watu wa Mombasa, hata mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaandika pamoja na mmisionari W. E. Taylor, na mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kufa kwake, diwani yake ikatoka kitabuni. Leo twayasoma. Yalikaa vifuani mwa watu kwa miongo mingi, na kanda ya BBC haikukaa hata miaka michache. Ngoma ivumayo haidumu. Hudumu ile inayofundishwa.

Ninyi, vijana, mwaishi katika zama ambazo orodha haingoji Alhamisi. Kila wimbo katika simu umeandikwa chini yake idadi ya mara ulizotazamwa, na idadi hiyo husomwa kabla ya wimbo kusikika. Hesabu hii ni dhaifu kuliko ile ya zamani, kwa maana kijana mmoja mwenye kidole chepesi aweza kuufungua wimbo mmoja mara nyingi, akahesabiwa zaidi ya mara moja. Mnaposikia mwenzenu akisema, “Wimbo huu ni mzuri, umetazamwa mara milioni tano,” msimcheke, bali mwulizeni maswali matatu: Maneno yake yasema nini? Sauti na ala zimepatana wapi? Je, ungalikuwa haujatazamwa na mtu, ungaliupenda? Akiweza kujibu, huyo ana hukumu yake, hata kama haipatani na yenu. Asipoweza, basi hajausikia wimbo bado. Amesikia makofi tu.

Wengi wapeni kilicho chao: wapeni nafasi yao orodhani, na fedha yao waitumie wapendavyo. Masikio yenu msiwape. Na mkiukuta wimbo, au shairi la mzee wa kijijini kwenu, ambalo hakuna aliyelihesabu nanyi mmelipima mkaliona jema, liandikeni, lirekodini, mfundisheni mwingine.