Mpira wa Pawa, Pesa ya Wawili

 

Leo tuongee kuhusu pesa ya gari, maana ni jambo linalowagombanisha wapenzi wengi mjini. Ukinunua rimu mpya, hata jirani atakusifia. Ukifunga redio kubwa, mtaa mzima utajua. Lakini nani amewahi kusifiwa kwa mpira wa pawa stelingi? Hakuna. Upo chini ya boneti, umejaa vumbi na mafuta, na mwenzio haujui hata kwa sura. Ndiyo maana ukisema unataka kuubadilisha, tena uweke ule wa kisasa uliosukwa kwa nyuzi za stenlesi, lazima uulizwe: "Hizo pesa za nini?"

Mimi niliulizwa. Na nakwambia, kuulizwa si kunyimwa.

Kazi yake ni nini?

Kwenye magari yenye pawa ya mafuta, injini inazungusha pampu kwa mkanda. Pampu inasukuma oili kupitia mpira mmoja wenye presha kubwa hadi kwenye stelingi raki, oili inasaidia kusukuma matairi, halafu inarudi kwenye kopo lake kupitia mpira wa pili wenye presha ndogo. Teknolojia yenyewe ni ya siku nyingi. Kampuni ya Marekani ya Chrysler iliiweka kwenye gari lake la Imperial mwaka 1951.

Sasa sikia hii. Tairi la gari yako ndogo lina upepo wa psi 30 hivi. Ukikata usukani hadi mwisho wakati wa kupaki, presha ndani ya ule mpira wa kwanza inaweza kufika psi 1,000 hadi 1,500. Yaani zaidi ya mara 30 ya tairi! Ongeza joto la injini na umri wa miaka 20 na ushee, utaelewa kwa nini mpira unaanza kutoa jasho, unavimba, na mwisho unapasuka.

Maswali ya mke wangu

Gari yetu ni Mark II GX100 ya mwaka 1998. Matone mekundu pale tunapopaki aliyaona yeye kwanza, mimi bado nakunywa chai. Wiki mbili mbele tulikuwa na safari ya Iringa kwa wakwe, watoto wakiwa siti ya nyuma, na anayeijua njia hiyo anaujua Mlima Kitonga: kona kali, malori yanatambaa, pembeni bonde.

Nikamwambia nataka kuweka paipu ya stenlesi. Yeye anafanya kazi ya mikopo, kwa hiyo alinihoji kama mteja. Swali la kwanza: "Huu ukipasuka njiani inakuwaje, mume wangu?"

Nikamweleza kwamba usukani haukatiki, bado umeungana na matairi. Ila ghafla unakuwa mzito mno, hasa kwenye mwendo mdogo, na katikati ya kona hiyo si habari njema. Pia oili ikirukia bomba la moshi lililopata moto inaweza kuwaka. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza la pili: "Kwa nini hiyo ya bei na si mpira wa kawaida?"

Hapa ndipo wanaume wengi tunaanza kupiga siasa. Jibu la kweli ni kwamba mpira mpya wa kawaida, wa aina iliyotoka kiwandani, unatosha kabisa kwa gari ya familia. Ukiupata mpya, nunua huo na mambo yaishe. Tatizo letu lilikuwa kwamba madukani tuliyopita Gerezani na Ilala tulipata iliyotumika tu. Mpira uliotolewa kwenye gari lingine la umri uleule umezeeka sawasawa na wetu. Hapo unabadilisha mzee kwa mzee.

Paipu ya stenlesi iliyo nzuri ina bomba la ndani la PTFE, ambayo wengi tunaiita Tefloni, ileile ya vikaango visivyogandisha. Inavumilia joto la nyuzi 230 hivi za Selsiasi, haiharibiwi na oili, na ule msuko wa nje unaizuia isivimbe. Faida ni hiyo. Ila haigeuzi gari kuwa la mashindano, na mlio wa pampu unaweza kuongezeka kidogo, kwa sababu mpira wa kawaida unavimba kidogo na kumeza ile mitetemo. Yetu sasa inalia kiasi tukipaki. Mke wangu anasema inaguna kama mimi nikiamshwa Jumapili.

Swali la tatu ndilo lililotusaidia zaidi: "Nani atahakikisha kazi imefanyika vizuri?"

Mambo ya kukagua

Swali hilo ndilo lililotutoa kwa fundi wa mtaani hadi kwa wanaotengeneza paipu za mitambo, wenye mashine ya kubana ncha. Kama nawe umeamua, shika haya:

Kwanza, uliza ndani kuna nini. Nyuzi zinazong'aa si dhamana. Zipo paipu zimesukwa vizuri nje lakini ndani ni mpira wa maji au petroli, hazijatengenezwa kwa presha ya pawa. Presha inayohimiliwa iwe imeandikwa, na iwe juu ya ile ya pampu yako.

Pili, ncha za upande wa presha zibanwe kwa mashine, au ziwe za kufunga kwa nati zilizotengenezwa kwa paipu hiyo. Klipu ya bisibisi ni marufuku hapo. Upande wa kurudisha oili, mpira mpya wa kuhimili oili na klipu nzuri vinatosha. Sisi tulifanya hivyo, na tuliokoa pesa.

Tatu, angalia inapopita. Zile nyuzi ni kama tupa: zikigusa waya au bomba lingine, mtikisiko utalikata polepole. Zifungwe mbali na mkanda na bomba la moshi, na ziwe na nafasi ya kucheza injini inapotikisika.

Nne, upepo utolewe. Matairi ya mbele yainuliwe, injini ikiwa imezimwa, usukani uzungushwe taratibu mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku oili ikiongezwa. Ndipo uwashe. Oili ikitoa povu, upepo bado upo. Na tafadhali, usipapase sehemu inayovuja kwa kidole injini ikiwaka. Presha ile inaweza kupenya ngozi.

Kabla ya yote, fungua boneti uhakikishe. Magari kama Passo na Prius yanatumia pawa ya umeme, hayana mipira hii kabisa. Fundi akikuuzia, mshukuru uondoke.

Tulikwenda Iringa na kurudi. Kitonga aliendesha yeye, kwa sababu alikuwa anajua kilichofungwa chini ya boneti sawa na mimi. Basi, mwezi huu kabla hamjanunua kitu cha kuonekana, inueni boneti pamoja, muangalie mipira ya pawa kama ina jasho, na mkubaliane bei mkiwa bado mnacheka. Matone mekundu hayasubiri mshahara.

Tukutane mwezi ujao.