Nani Alipwe Kuusemea Ubia wa Kikanda?

Serikali au jumuiya ya kikanda inapotangaza zabuni ya kumpata mshauri wa mahusiano ya umma, ili awahamasishe wananchi waupokee ubia wa kiuchumi, mara nyingi mkataba wenyewe umeshaandikwa. Vifungu vimekubaliwa, siku ya kutia saini imepangwa, na anayetafutwa ni mtu wa kuufanya upendeke. Hadidu za rejea husema ni "kujenga uelewa". Humo ndani mna matangazo ya redio, makongamano ya wadau hotelini, semina za wahariri, fulana na kofia. Ni nadra kukuta mahali panaposema kwamba mshauri akirudi na pingamizi la wakulima, kifungu kinachowagusa kitafunguliwa upya. Kasoro hiyo naiona ni kubwa kuliko gharama ya kumlipa mshauri, ingawa gharama ndiyo hupigiwa kelele zaidi.

Wanaotetea kuajiri kampuni za mahusiano ya umma wana hoja, na haifai kuipuuza. Mkataba wa biashara ni kitu kigumu kuelezeka. Una majedwali ya ushuru yenye maelfu ya bidhaa, kanuni za uasili, ratiba za kufungua soko zinazokwenda robo karne. Ofisa wa wizara aliyeyajadili hayo kwa miaka saba huongea lugha ya mezani kwake, na anaposimama mbele ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hueleza kila kitu isipokuwa kitakachotokea kwenye bei ya maziwa. Wizara isipojieleza, uvumi unashika nafasi, na uvumi hauna hadidu za rejea. Mtu aliyebobea katika kueleza mambo ana kazi halali ya kufanya hapo. Ila tuangalie kilichotokea pale ubia wa aina hii ulipofika kwetu.

Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, EPA, ulijadiliwa kwa miaka mingi na watu wachache. Kenya ndiyo iliyokuwa na haraka. Wenzake wanne wa wakati huo, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, wako katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, na bidhaa zao huingia Ulaya bila ushuru chini ya mpango unaoruhusu kila kitu isipokuwa silaha. Kenya haimo katika kundi hilo. Muda uliowekwa na Ulaya ulipokwisha, tarehe 1 Oktoba 2014, Ulaya ikaanza kutoza ushuru kwenye maua na mazao mengine ya Kenya. Mazungumzo yakafungwa takriban wiki mbili baadaye, tarehe 16 Oktoba, na ushuru ukaondolewa mwishoni mwa Desemba.

Katika miezi ile wakulima wakubwa wa maua walisikika vizuri kabisa. Wana chama chao, wana wasemaji, na waziri akipigiwa simu na chama cha namna hiyo hupokea. Mkulima mdogo wa mahindi au mfugaji wa kuku hakuwa na mlango huo, kwa hiyo tangu awali alikuwa ametumia mwingine. Mwaka 2007 jukwaa la wakulima wadogo wa Kenya lilikwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba serikali inajadili EPA bila kuwashirikisha. Hukumu ilitoka Oktoba 2013. Mahakama haikuyasimamisha mazungumzo. Iliiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wadau, wakiwemo wakulima wadogo, na iwape wananchi taarifa za kinachojadiliwa. Miaka sita ya kesi ilihitajika ili serikali iambiwe jambo ambalo Katiba ya 2010 ilikwisha kulitaja miongoni mwa misingi ya utawala, yaani ushiriki wa wananchi. Natamani kila anayeandaa bajeti ya "uhamasishaji" aisome hukumu ile kwanza. Inasema anachodai mwananchi ni kuingizwa katika mazungumzo. Kuambiwa jinsi mazungumzo yalivyo mazuri ni jambo jingine.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 1 Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mjini Brussels. Tanzania ilikataa, na Novemba mwaka huo Bunge lake likaazimia kwamba mkataba usisainiwe kama ulivyo. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliandika waziwazi kuupinga. Hoja ya Tanzania ilikuwa ya hesabu: tayari tunauza Ulaya bila ushuru, kwa nini tufungue soko letu kwa bidhaa za viwanda vya Ulaya wakati vya kwetu ndiyo kwanza vinainuka? Unaweza kuikubali hesabu hiyo au kuikataa. Ila hakuna kampeni ya matangazo ambayo ingeifuta, maana palikuwa na maslahi mawili tofauti, na maslahi hutatuliwa kwa kubadilisha masharti. Mwishowe Kenya iliendelea peke yake. Ilisaini na Ulaya jijini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, na mkataba ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2024. Ndani yake Kenya imeahidi kufungua asilimia 82.6 ya soko lake kwa bidhaa za Ulaya, hatua kwa hatua, kwa miaka 25. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule atakuwa mtu mzima ratiba hiyo haijamalizika.

Mfano mkubwa zaidi wa kuusemea ubia wa kikanda kwa fedha uko mbali na hapa, na naurudia kila mjadala huu unapozuka kwa sababu sehemu yake ya pili husahauliwa. Mexico ilipotaka kuingia katika eneo huru la biashara pamoja na Marekani na Kanada, mkataba uliojulikana kama NAFTA, serikali ya Rais Carlos Salinas iliajiri washawishi mjini Washington kwa kiwango ambacho hakikuwa kimezoeleka. Ilikuwapo kampuni ya Burson-Marsteller, miongoni mwa kubwa kabisa duniani katika fani hiyo. Alikuwapo Bill Brock, aliyewahi kuwa mwakilishi wa biashara wa Marekani katika serikali ya Ronald Reagan. Watafiti wa Center for Public Integrity waliokusanya takwimu hizo mwaka 1993 walikadiria kwamba serikali ya Mexico na wafanyabiashara wake walitumia angalau dola milioni 25. Kazi ilizaa matunda. Tarehe 17 Novemba 1993 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha NAFTA kwa kura 234 dhidi ya 200.

Siku mkataba ulipoanza kutumika, tarehe 1 Januari 1994, waasi wa Zapatista waliiteka miji kadhaa ya Chiapas, kusini mwa Mexico, ukiwamo San Cristóbal de las Casas. Wengi wao walikuwa wakulima wa asili ya kienyeji. Miongoni mwa malalamiko yao makubwa ni mabadiliko ya mwaka 1992 ya ibara ya 27 ya katiba, yaliyofungua njia ya kubinafsisha ardhi ya pamoja ya vijiji. Mamilioni yote yale yalikwenda kuwashawishi wabunge wa nchi nyingine. Mkulima wa Chiapas, ambaye mahindi yake yangeshindana na mahindi ya Iowa, hakushawishiwa wala hakuulizwa. Siwezi kusema kwamba kumuuliza kungezuia uasi, kwa kuwa dhuluma za Chiapas ni za karne nyingi. Naweza kusema kwamba serikali iliyojua kwa undani anachofikiria mbunge wa Ohio ilipaswa kujua pia anachofikiria raia wake.

Sisi tuna mfano wa upande wa pili, nao ni wa ardhi pia. Mwaka 2004 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliunda kamati chini ya Amos Wako, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, itazame namna ya kuharakisha shirikisho la kisiasa. Kamati ilipendekeza safari ifupishwe, shirikisho lifikiwe 2013. Wakubwa walilitaka jambo hilo, na ingekuwa rahisi kutafuta mshauri wa kulinadi. Badala yake nchi wanachama zilikubali kuwauliza wananchi. Tanzania iliunda kamati chini ya Profesa Samuel Wangwe, ikazunguka nchi nzima kati ya 2006 na 2007. Jibu la Watanzania wengi lilikuwa zito na la wazi: hatuukatai umoja, tunaikataa haraka. Waliitaja ardhi kuliko kitu chochote, wakataja na ajira. Agosti 2007 wakuu wa nchi walikutana Arusha na kukubali kwamba shirikisho lisubiri, kwanza ijengwe misingi ya uchumi.

Wapo waliolichukulia jibu hilo kama aibu. Nakumbuka tulivyoitwa waoga na wenye wivu. Lakini ukifungua Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009, utakuta ibara ya 15 inaacha upatikanaji na matumizi ya ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi. Tanzania iliyashikilia maneno hayo mezani, na wajumbe wake waliweza kuyashikilia kwa sababu walikuwa wamesikia wenyewe, kutoka vijijini, kwamba bila hayo itifaki isingekubalika nyumbani. Itifaki ilianza kutumika Julai 2010 na haikuletea nchi yoyote ghasia za ardhi. Kama mwaka 2006 tungekuwa tumeajiri kampuni ya kutushawishi, huenda tungepata asilimia nzuri kwenye kura ya maoni na itifaki mbaya. Jumuiya iliyotangulia ilivunjika 1977 na kuacha mali za kugawana na mpaka uliofungwa. Waliokuwa watu wazima wakati ule walikuwa na haki ya kuuliza maswali magumu mara ya pili.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sioni haja ya kuuzungusha. Serikali ikiajiri kampuni ya kuisemea nje, Washington au Brussels, sitaipinga kwa kanuni. Kule ushawishi ni biashara inayotambulika, washindani wetu wanautumia, na nchi isiyo na msemaji huachwa nje ya chumba. Masharti yangu ni kwamba mkataba uwe wazi kwa mlipa kodi wa hapa. Marekani ina sheria ya mwaka 1938 inayomlazimu anayeiwakilisha serikali ya nje kujisajili na kuweka hadharani mkataba na malipo yake. Matokeo yake ni jambo la kusikitisha: mwandishi wa Nairobi anayetaka kujua serikali yake inamlipa nani kuisemea huenda kutafuta katika majalada ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Hakuna sababu nyaraka hizo zisiwekwe bungeni kwetu siku ileile zinaposainiwa.

Nyumbani ni jambo jingine. Kodi ya mwananchi isitumike kumlipa mtu amshawishi mwananchi huyohuyo kuhusu mkataba ambao bado ana haki ya kuupinga. Hatari yake tuliiona Afrika Kusini, ambako kampuni ya Bell Pottinger ya London ililipwa na familia ya Gupta kuendesha kampeni iliyochochea chuki za rangi huku mlipaji akijificha nyuma ya pazia. Chama cha wanataaluma wa mahusiano ya umma cha Uingereza kiliifukuza Septemba 2017, na kampuni ikafilisika mwezi huohuo. Najua kuna kampuni nyingi zenye maadili, na nyingine ni za vijana wetu wenyewe. Lakini mkataba wa kazi ukimtaka mshauri "aongeze uungwaji mkono", hata mwadilifu ataficha ubaya wa kitu anachokisemea, kwa kuwa ndivyo atakavyopimwa.

Fedha hizo zina kazi inayozisubiri mipakani. Namanga, Holili, Mutukula na Busia tuna vituo vya huduma kwa pamoja, ambako msafiri hukaguliwa na nchi mbili mahali pamoja. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kupata cheti rahisi cha uasili hapohapo mpakani na kuvusha mzigo bila kulipa ushuru wa forodha. Ni moja ya mambo mazuri ambayo Jumuiya imewahi kumfanyia mtu wa kawaida. Hata hivyo wapo kina mama wanaobeba vitunguu na nyanya ambao bado wanapita njia za panya usiku, wakihatarisha mzigo na heshima yao, kwa kuwa hakuna aliyewaambia, au waliambiwa na mtu aliyetaka chochote. Mshauri anayelipwa kuhakikisha kila soko la mpakani lina orodha ile ukutani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, na namba ya kupiga ofisa anapodai fedha isiyo ya kisheria, huyo alipwe, tena vizuri. Kazi yake inapimika kwa idadi ya vyeti vilivyotolewa.

Swali hili litarudi karibuni kwa sura ya sarafu ya pamoja. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala Novemba 2013, ikalenga sarafu moja ifikapo 2024. Lengo limesogezwa hadi 2031. Bado masharti yake hayajafungwa yote, na muda wa kuuliza upo: bei zitapangwaje, nchi yenye deni kubwa itabebwa na nani, benki kuu ya mkulima wa kahawa wa Kagera itakuwa mji gani. Kamati kama ile ya Profesa Wangwe inaweza kuanza kuzunguka mwaka huu, katika kila nchi mwanachama, na ripoti yake ikachapishwa kabla wizara yoyote haijatangaza zabuni ya fulana.