Herufi Nene Zinameza Majina Yetu

Ukishuka Babati Mjini ukaingia mitaa ya Bagara, jaribu kuhesabu maduka yanayojulikana kwa jina la mwenyewe. Hutafika mbali. Kuta zimepakwa rangi ya mtandao wa simu, na katikati yamekaa maandishi manene, mapana, yenye kona za mviringo kama andazi. Jina la duka lipo, ila limebanwa juu ya mlango, tena kwa mwandiko wa kampuni.

Sina ugomvi na herufi za mviringo. Zinasomeka kutoka mbali, hata na abiria wa basi la Arusha–Dodoma linalopita mbio. Kona zikiondolewa, herufi inaonekana pole, inaonekana rafiki, na ndiyo maana kampuni zinaipenda. Volkswagen walijitengenezea ya kwao mwishoni mwa miaka ya 1970. Airtel ilipochukua nafasi ya Zain mwaka 2010, ilikuja na herufi ndogo za mviringo. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, kuta zikaanza kupakwa upya. Celtel, Zain, Airtel: ukuta mmoja umebeba majina matatu, na la mama mwenye duka halimo.

Halafu kuna jambo ambalo wabunifu wetu hawalisemi. Herufi pana zinapendeza kwenye jina fupi. Yas ni herufi tatu tu! Sasa andika VIFAA VYA UJENZI kwa upana huohuo. Ama bango livuke mpaka kwa jirani, ama maandishi yawe madogo hadi ule unene usiwe na maana. Na Kiswahili kimejaa "a". Ile "a" ndogo ya duara, ukiinenepesha, tundu lake linaziba, na kwa mbali inasomeka "o". Bagara yenyewe ina tatu. Duka la dawa linageuka "dowo", jamani, na mtu anatafuta dawa ya mtoto usiku.

Fundi wa brashi hana shida hiyo. Anapima ukuta kwanza kwa kamba na chaki, ndipo anaamua herufi ziwe nyembamba au pana. Kompyuta haijui ukuta wako, inajua fonti yake tu.

Nawaambia ninyi wanachuo kwa sababu likizo tukirudi nyumbani kazi hizi tunapewa sisi. "Mjomba, si unajua kompyuta? Nifanyie kama ile ya mtandao." Usimfanyie kama ile. Muulize duka linaitwaje, ukuta una mita ngapi, wateja wanatokea upande gani. Jina likiwa refu, tumia herufi nyembamba, nene kiasi. Chapa kwenye karatasi, bandika ukutani, rudi nyuma hatua thelathini, mwite mtu asiyelijua duka asome. Na kama fundi wa brashi bado yupo mtaani, mpelekee yeye mchoro wako aupake. Bei mtaelewana.