MAONI: "Kutia dawa" ni kazi ipi?



Ukipita mbele ya ubao wa kazi za afya ukakuta pameandikwa "Kutia dawa, Mtaa wa 2", utaelewa nini? Mmoja atafikiri ni klorini ya tangi la maji. Mwingine atafikiri ni dawa ya mbu inayopuliziwa ukutani. Mama mwenye watoto atangojea dawa ya minyoo. Wote wana haki, maana neno "dawa" hubeba yote hayo, kama "umuti" katika Kirundi.

Orodha hiyo huingizwa pia katika kompyuta ofisini Bujumbura. Kompyuta haijui kwamba "Kutia dawa tangi" na "Klorini maji" ni kazi moja, inahesabu mbili. Hapo tangi moja laweza kutiwa klorini mara mbili, maji yakanuka, watu wakayakimbia na kwenda kuchota mtoni. Tangi la pili nalo likasahauliwa, kwani kwenye orodha linaonekana limekwisha. Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu katika eneo la Bujumbura. Ugonjwa huo unaweza kumwua mtu kwa saa chache asipotibiwa. Hatuwezi kuchezea tangi hata moja.

Wengine husema: "Muhimu kazi ifanyike, jina si kitu." Mimi sikubali. Zamani ugonjwa mmoja uliitwa kwa majina mengi, na hesabu za vifo za nchi mbalimbali hazikulinganishika. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha mjini Chicago orodha moja ya sababu za vifo. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo, na linaiendeleza hadi leo.

Nasi tufanye hivyo. Kila kazi iandikwe kwa utaratibu mmoja: tendo, kitu, mahali.

- Kutia klorini, tangi la maji, Mtaa wa 2
- Kupulizia dawa ya mbu, nyumba, Mtaa wa 2
- Kugawa dawa ya minyoo, watoto, Mtaa wa 2

Tarehe na jina la mhusika viwekwe katika safu zake.

Lakini majina hayo yasiamuliwe Bujumbura peke yake, tena kwa Kifaransa. Yachaguliwe pamoja nanyi, kwa maneno mnayoyatumia nyumbani. Na wewe msomaji, ukiona ubaoni kazi usiyoielewa, muulize mhamasishaji wa afya wa mtaa wako: "Dawa gani, na inatiwa wapi?" Asipoweza kujibu, jina hilo libadilishwe siku hiyo hiyo.